Igeuze Glasi Usome Kitako Chake

Povu lilianza kuwa jekundu kabla binti mwenyewe hajajua kwamba amekatika. Tulikuwa uani, Tanga, mchana wa harusi ya mtoto wa ndugu yangu, wanawake sita tumezunguka mabeseni matatu, na glasi za kukodi zinaletwa kwa masinia haraka kuliko tulivyoweza kuziosha. Moja ilikuwa na ufa, pengine iligongana na nyingine ndani ya kreti wakati gari linapita kwenye mashimo. Ikazama chini ya povu, wala hakuna aliyeiona. Binti wa jirani akatia mkono, akaikamata, akaisugua kwa ndani kama tunavyosugua sote, vidole vimeingia mpaka kitakoni. Ikapasukia mkononi mwake. Tukamfunga kwa kipande cha khanga, akapakiwa kwenye bodaboda, na huko hospitali akashonwa nyuzi 5 kwenye kidole cha shahada. Mpaka leo kidole hicho hakikunjiki sawasawa.

Watu wakitaja hatari ya glasi hutaja sakafu na watoto wadogo. Ni kweli, na nitafika huko. Lakini katika nyumba zote nilizoishi, glasi zilizovunjika kwenye kuosha ni nyingi kuliko zilizoangushwa mezani. Beseni limejaa, sabuni inateleza, mkono hauoni unachoshika. Tena anayeosha mara nyingi ni yule mdogo kuliko wote, au dada wa kazi, ambaye hakuulizwa glasi zipi zinunuliwe.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kugeuza glasi. Nikiingia dukani, nikialikwa kwa mtu, nikipita kwenye kibanda cha juisi, naigeuza na kusoma kitako chake. Nataka na wewe uzoee hivyo. Sikushauri uitupe bilauri ya kioo. Nakushauri uipangie kazi yake. Kinywaji cha moto kibaki kwenye kioo, kauri au bati. Kinywaji baridi kinachopita mikono mingi, yaani cha watoto, cha wageni mia, cha mgonjwa kitandani, cha uani na cha ufukweni, kipewe glasi nzito ya plastiki ya kuosha na kutumia tena miaka na miaka. Ugumu uko kwenye kuijua plastiki yenyewe, kwa sababu dukani zote zinang'aa.

Kioo kina fadhila zake, na sitazipunguza hata moja. Hakinywi harufu: leo utatia juisi ya ukwaju, kesho maziwa, na maziwa hayatakuwa na dalili yoyote ya ukwaju. Hakishiki mafuta. Kikisuguliwa kwa dodoki na majivu hung'aa kama kipya. Mama yangu alikuwa na glasi sita za Duralex, zile za Kifaransa zenye namba ndogo kitakoni, na nne kati yake ziko kabatini kwake hadi leo. Duralex hutengenezwa tangu 1945 kwa kioo kilichopashwa moto na kupozwa ghafla, na mpozo huo ndio unaokitia ugumu. Haivunjiki ovyo. Lakini siku ikivunjika haigawanyiki vipande viwili au vitatu vya kuokota kwa mkono, husambaratika kuwa chenga nyingi. Moja kati ya zile mbili zilizopotea iliangukia kwenye marumaru ya sebuleni, na wiki mbili baadaye bado tulikuwa tunakuta chenga zake chini ya kochi.

Na kuna uzito. Glasi ya kawaida ya kioo ina gramu 250 hivi. Ukibeba mia moja kwenda kwenye shughuli umebeba kilo 25, na hujahesabu kreti. Glasi nzuri ya plastiki ya ukubwa huohuo ikiwa na gramu 60, mia moja ni kilo 6. Anayepanda ngazi ghorofa ya tatu na sinia kichwani anaijua tofauti hiyo shingoni.

Sasa nijibu neno ambalo najua litasemwa, kwamba mgeni hapewi maji kwa plastiki. Shangazi yangu, mzaliwa wa Pangani, alinirudishia glasi ya kwanza ya plastiki niliyompelekea na maji yakiwa bado yamejaa.

"Mwanangu, unanipa kopo la kuogea?"

"Hapana shangazi, hii ni glasi mpya."

"Mpya ndiyo. Lakini ni kopo."

Nilimpokea nikarudi jikoni, kwa sababu alikuwa na hoja. Katika nyumba zetu plastiki iliingia kwa mlango wa bafuni. Ni kopo la kuchotea maji kwenye pipa, ni kata ya msalani, ni ndoo. Bilauri ilikuja kwa mlango mwingine. Hata jina lake limetoka kwenye neno la Kiarabu la fuwele, lile jiwe linaloonyesha upande wa pili, na pwani kumletea mgeni maji kwenye bilauri juu ya sinia dogo, imefunikwa kitambaa, ni sehemu ya salamu. Mtu anayekataa plastiki hakatai maendeleo. Anaulinda utu wa mgeni wake.

Kwa hiyo ukinunua glasi za plastiki kwa ajili ya watu, linda na hilo. Zisiwe na mkono kama kikombe cha shule. Ziwe angavu, zenye kitako kizito, zote za aina moja, na zikae kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Zisikanyage bafuni hata siku moja, zisichotee unga, zisipimie sabuni ya unga. Chombo hupata heshima kwa jinsi kinavyowekwa. Shangazi alikuja kuikubali glasi hiyo miaka miwili baadaye, mikono yake ilipoanza kutetemeka. Nilimtafutia yenye mbavumbavu ubavuni ili isiteleze, kitako kipana, ujazo mdogo ili asielemewe. Aliishika kwa mikono miwili, akanywa mwenyewe bila kunyweshwa. Hakusema neno kuhusu kopo.

Haya, tuigeuze. Kitakoni mwa glasi nyingi za plastiki kuna pembetatu ya mishale yenye namba katikati, kuanzia 1 hadi 7. Mfumo huu ulianzishwa Marekani mwaka 1988 ili wachambuzi wa taka watofautishe plastiki moja na nyingine. Haukuwekwa kukuhakikishia kwamba chombo ni salama, wala kwamba mahali unapoishi kuna mtu atakayekichakata. Hata hivyo, anayejua kuusoma huwa ameshajua nusu ya anachonunua.

Namba 1 ni plastiki ya chupa za maji na soda. Inaonyesha vizuri, ni nyepesi, lakini joto haiwezi. Huanza kulegea kwenye nyuzi 70 hivi. Umewahi kuona chupa ya maji iliyotiwa maji ya moto inavyojikunyata? Ndiyo hiyo. Namba 2, 3 na 4 hutazikuta sana kwenye glasi. 2 ni ya madumu, 3 ni ya mabomba, 4 ni ya mifuko na vifuniko laini.

Namba 5, polipropilini, ndiyo ninayoitafuta kwa matumizi ya kila siku. Mara nyingi ina ukungukungu, haionyeshi kama kioo, na ukiigonga kwa ukucha hutoa mlio mzito usiolia. Usiidharau kwa hilo. Huanguka kwenye saruji ikadunda, hustahimili kusuuzwa kwa maji yanayochemka bila kujipinda, na haina makeke na tindikali ya ndimu wala ukwaju. Kasoro yake ni kwamba hupenda mafuta na rangi. Ukilaza humo juisi ya karoti au choya usiku kucha, asubuhi utakuta mstari wa rangi usiotoka.

Namba 6 ndiyo mtego. Polistirini ngumu ni angavu kama kioo, inalia "ti!" ukiigonga, na bei yake hukuvuta. Mtu huinunua akidhani amepata bilauri isiyovunjika. Lakini plastiki hii ni kavu. Ukingo wake hupata ufa mwembamba kwa kugongana tu kwenye beseni, na ufa wa polistirini una makali ya kukata mdomo. Na kuna jambo ambalo wauza juisi wengi hawajaambiwa: mafuta yaliyomo kwenye ganda la chungwa na la ndimu huiyeyusha. Ukipachika kipande cha ndimu kwenye ukingo wa glasi ya namba 6 kwa urembo, baada ya siku kadhaa za kufanya hivyo mahali palipogusa ganda patafifia na kuwa na ukungu. Si uchafu. Ni plastiki imeliwa.

Namba 7 ni kapu la "mengineyo", na hapa inabidi uulize zaidi. Humo mna polikaboneti, ngumu mno, ambayo hutengenezwa kwa bisifenoli A, yaani BPA, kemikali inayoweza kuigiza homoni za mwili. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chupa za watoto wachanga mwaka 2011, Marekani ikafuata mwaka 2012, na Desemba 2024 Ulaya ikapitisha marufuku pana zaidi kwa vitu vinavyogusa chakula na vinywaji. Lakini humohumo kwenye namba 7 mna kopoliesta kama Tritan, inayotengenezwa na kampuni ya Eastman ya Marekani bila BPA. Hiyo ni angavu, haipasuki ovyo, na huvumilia maji ya moto ya kuoshea. Kwa glasi za wageni, ukiipata na mfuko ukiruhusu, sijaona plastiki iliyo bora kuliko hiyo. Basi kwenye namba 7 tafuta jina la plastiki au maandishi kwamba haina BPA. Kama hakuna chochote, iache.

Kuna na jamaa wawili ambao mara nyingi hawana namba. Akriliki ni nzuri kwa macho kuliko zote, nzito, yenye nakshi, na huuzwa kama glasi za sherehe. Isitiwe pombe kali wala kusuguliwa kwa spiriti, maana hupata nyufa ndogondogo kama utando wa buibui. Melamini ni ile inayofanana na kauri, haionyeshi, hutumika kwa sahani na vikombe. Usiinywee chai ya tangawizi na ndimu: moto na ukali vikikutana huchomoa kemikali kutoka kwenye chombo na kuingia kwenye kinywaji.

Tazama pia kama kuna alama ya glasi na uma vimesimama pamoja. Hiyo ina maana mtengenezaji anasema chombo kimekusudiwa kwa chakula. Na ujihadhari na glasi za rangi nzito, nyeusi au kahawia, za bei ya kutupwa na zisizo na alama. Rangi hufunika asili ya plastiki, na plastiki iliyorudiwa inaweza kuwa ilikuwa kitu chochote kabla ya kuja mdomoni mwako.

Nilipokwenda Kariakoo kutafuta glasi za shughuli yetu iliyofuata, kijana wa duka alinipokea vizuri. Akachukua glasi moja angavu, akaigonga kwenye kaunta mara mbili.

"Dada, hii haivunjiki. Hata gari lipite."

"Nionyeshe kitako, kaka."

Namba 6. Nikapitisha kidole gumba taratibu kwenye ukingo mzima. Upande mmoja palikuwa na kijino, mahali ambapo pande mbili za kalibu zilikutana vibaya. Nikaiinua kwenye taa: katikati ya kitako palikuwa na doa dogo ambapo plastiki iliingizwa kwenye kalibu, na kutoka kwenye doa hilo kulikuwa tayari na mstari mwembamba kama unywele. Ilikuwa mpya, haijanywewa hata maji. Nikamwonyesha. Akaitazama kwa muda, akanyamaza, kisha akavuta ngazi na kupanda juu kabisa, akashuka na boksi lenye vumbi la glasi za namba 5. "Hizi haziendi," akaniambia, "watu wanasema hazing'ai." Nikachukua darzeni kumi.

Fanya kama hivyo. Gumba kwenye ukingo, kitako kwenye mwanga, kisha zibinye ubavu kidogo: nzuri hukubali na kurudi, mbaya ama hubonyea kabisa ama hulia kama inataka kupasuka. Inuse. Nyumbani, kabla ya kuzitumia, chukua moja, tia maji ya moto, funika na kisosi kwa dakika 10, kisha funua na unuse. Ikinuka kama mafuta ya taa au raba, hiyo si ya kunywea. Kwa sababu hii, nunua moja kwanza, siku ya pili ndiyo urudi kwa darzeni.

Nimesema maji ya moto ya kupimia na kuoshea, sikusema chai. Naomba hapa unisikilize vizuri. Mwaka 2020 watafiti wa Trinity College, Dublin, walichapisha uchunguzi wao wa chupa za watoto za polipropilini, hiyohiyo namba 5 ninayoisifu. Walifuata hatua za kutengeneza maziwa ya unga kama inavyoelekezwa, kwa maji ya nyuzi 70, wakahesabu vipande vidogo mno vya plastiki vilivyobanduka kutoka kwenye chupa. Katika baadhi ya chupa vilifika milioni 16 kwa lita moja. Maji yalipozidi moto, vipande vilizidi. Madhara yake mwilini yanaendelea kuchunguzwa, lakini mimi sihitaji kusubiri matokeo ili nimpe mtoto uji wake kwenye bakuli la kauri. Maji baridi, juisi, maziwa ya mtindi, madafu: plastiki. Chai, uji, maziwa ya moto, supu: hapana.

Na kahawa, jamani, ibaki na vijikombe vyake. Yule baba anayepita jioni na birika lake, akivigonganisha vijikombe vya kauri ili tumsikie kabla hatujamwona, asije akashauriwa na mtu kuhamia plastiki. Kahawa yake inatoka kwenye mkaa. Hata mlio wenyewe ungepotea.

Kwa chai ya rangi kwenye glasi ya kioo, endelea na desturi ya kutumbukiza kijiko cha chuma kabla ya kumimina. Kijiko hufyonza sehemu ya joto, glasi haishtuki. Isiwe imetoka kwenye friji.

Kuosha ndiko kunakoamua kama glasi ya plastiki itaishi miaka sita au miezi sita. Adui wake wa kwanza ni stiliwaya. Kwenye kioo haifui dafu kirahisi, lakini kwenye plastiki kila msuguo mmoja ni mfereji, na kila mfereji ni nyumba ya vijidudu ambayo sabuni haifiki chini yake. Hata mchanga na majivu weka kando. Tumia dodoki lililolowa au sponji upande laini. Glasi iliyokaukiwa na juisi iloweke robo saa, usiikwangue.

Kwa wanaouza juisi na chakula, mama lishe na wenye vibanda, ndoo moja ya kuchovya glasi siku nzima haitoshi, iwe ya kioo au ya plastiki. Weka tatu. Ya kwanza sabuni, ya pili maji safi ya kusuuza, ya tatu maji yenye dawa ya klorini: kijiko kimoja cha chai cha Jik ya kawaida isiyo na manukato kwa kila lita 2 za maji, glasi ikae humo kama dakika moja au mbili. Kisha ipindue kwenye kichanja ijikaushe kwa hewa. Usiifute kwa kitambaa kilichofuta meza. Maji ya ndoo hizi yabadilishwe yakichafuka, na asubuhi hata kama hayajachafuka. Kipindupindu hupita kwenye maji na kwenye mikono, na glasi iliyochovywa kwenye maji machafu hukibeba kama kawaida.

Jua pia lina kiasi chake. Kukausha kwa muda wa saa moja asubuhi ni sawa. Kuacha glasi za plastiki kichanjani kutwa, siku hadi siku, huzipausha na kuzikausha, na mwisho namba 5 iliyokuwa inadunda itapasuka kama biskuti. Zikikauka, ziingize ndani. Na zisipachikwe moja ndani ya nyingine zikiwa mbichi, maana unyevu ulionaswa huleta ukungu na harufu ya uvundo. Za kioo zikipachikana na kukataa kuachana, usizivute kwa nguvu. Tia barafu kwenye ya juu na uisimamishe ya chini kwenye maji ya uvuguvugu, zitaachana zenyewe. Harufu ya ukwaju au vitunguu kwenye plastiki huondoka ukiiloweka usiku kucha kwenye maji yenye kijiko cha magadi ya kupikia, asubuhi uipitishe ndimu.

Sasa shughuli, maana huko ndiko nilikoanzia. Siku hizi mabishano kuhusu glasi za kukodi zilizovunjika mara nyingi yanamalizwa kwa kununua vikombe vya kutumia mara moja. Nauelewa uchovu unaoleta uamuzi huo. Lakini hebu hesabu: wageni 300, kila mmoja avute vikombe viwili tu, kimoja cha maji na kimoja cha juisi. Ni vikombe 600 vya taka kwa mchana mmoja. Asubuhi yake vinachomwa nyuma ya nyumba na moshi wake unaingia kwa jirani, au mvua inavikokota mpaka kwenye mfereji, na Tanga mfereji hauna pengine pa kwenda ila baharini. Mifuko ya plastiki tumeweza kuiacha: Zanzibar ilianza mwaka 2006, Kenya Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 2019. Kenya ikaongeza tangu 5 Juni 2020 kuzuia vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja, vikombe vikiwemo, kwenye hifadhi, misitu na fukwe zinazolindwa. Uani kwetu hakuna askari wa hifadhi. Ni sisi wenyewe.

Njia iliyotufaa sisi ni kununua kwa pamoja. Wanawake kumi wa mtaa mmoja tulichanga kama tunavyochanga upatu, tukanunua zile darzeni kumi za namba 5, glasi 120, na makreti mawili yenye mifuniko. Zinakaa kwa mmoja wetu mwenye chumba kikavu. Anayezihitaji huzihesabu mbele ya mtunzaji anapochukua na anaporudisha, iliyopotea hulipwa. Shughuli ikiwa kubwa kuliko 120, huoshwa na kuzungushwa. Hakuna tena ugomvi wa "mlivunja nane", na watoto wanaruhusiwa kusaidia kuosha bila mtu kushika roho mkononi.

Kwa wanaoandaa matamasha, mechi na mikutano ya watu wengi, ambako glasi zinaweza kuondoka na wageni, dawa tunayo tangu utotoni. Dukani ukinunua soda ya chupa ya kioo bila chupa ya kubadilisha, unaacha hela ya chupa, ukirudisha unarudishiwa. Fanya vivyo hivyo kwenye glasi ya plastiki. Mnunuzi alipe juu kidogo, akiirudisha apewe chake. Mji wa München, Ujerumani, uliamua tangu 1991 kwamba sherehe kwenye viwanja vya mji zitumie vyombo vya kurudishwa na kuoshwa, na hela ya kuacha ndiyo inayovirudisha. Muuza duka wa mtaani kwetu angewafundisha hilo bila semina. Kinachohitajika ni kiasi kiwe kikubwa kidogo kuliko uvivu wa kurudi kwenye kaunta, na mahali pa kurudishia paonekane. Watoto wa uwanjani wataokota zilizosahaulika na kuzirudisha wao.

Kuhusu gharama, usilinganishe bei ya glasi moja na nyingine dukani. Gawa bei kwa miezi itakayoishi. Tuseme glasi ya namba 6 ni shilingi 500 na imepata ufa baada ya miezi minne. Ya namba 5 nzito ni shilingi 1,500 na inaishi miaka mitano. Ya kwanza imekugharimu shilingi 125 kwa mwezi, ya pili 25. Na ikiwa unajua nyumbani kwako vitu havitunzwi, nunua chache na nzuri. Plastiki ya kudumu inayotupwa baada ya kutumiwa mara chache ina madhara zaidi kuliko kikombe chepesi cha kutupa, kwa sababu imebeba plastiki nyingi zaidi.

Zipitie glasi zako mara moja kila mwezi, mchana, mahali penye mwanga. Yenye ufa hata wa unywele, iondoe. Iliyokwaruzika mpaka imekuwa nyeupe ndani, iondoe. Inayonata mkononi hata baada ya kuoshwa imeanza kuoza yenyewe, iondoe. Kuiondoa si lazima iwe kuitupa. Kwangu zilizostaafu za namba 5 zimetobolewa kitako kwa msumari wa moto na zimepangwa ukutani nyuma ya jiko zikiwa na miche ya pilipili, isipokuwa moja ambayo haikutobolewa. Hiyo inapima mchele: mbili zikijaa ni mlo wa watu wanne, na wajukuu wa shangazi wanaijua kwa alama ya kalamu niliyochora ubavuni.